Aliyeshika Upande wa Pili

Sanduku la Mwalimu Cecil lilikataa kufunguka.

Halikuwa na kufuli. Halikuwa na msumari hata mmoja. Kifuniko kilikaa juu yake kwa bawaba mbili za ngozi, kitu cha kunyanyua kwa kidole, na bado Jumatatu asubuhi Mwalimu Cecil wa kanisani alikuja nalo kichwani, akalibwaga mbele ya karakana ya Fundi Reginald pale Newala.

"Fundi, nilikuomba sanduku la kuwekea vitabu vya nyimbo," akasema huku anahema. "Hili ulilonipa ni kaburi. Nimelitia patasi, nimelitia shoka. Jana waumini wameimba kwa kubahatisha."

Reginald akapitisha ukucha kwenye mstari kati ya kifuniko na ubavu. Mstari haukuwepo. Ubao ulikuwa umeshikana na ubao.

"Unyevu huo, Mwalimu. Mbao zimevimba."

"Unyevu! Newala hii, ambako wake zetu wanashuka bondeni alfajiri kutafuta mtungi mmoja wa maji? Haya bwana, nasubiri ukauke." Akaondoka na sanduku lake, na njiani akamwambia kila aliyekutana naye kwamba kazi ya Fundi Reginald haiachii. Watu wakacheka, na oda zikaongezeka.

Sasa tuseme ukweli, maana Reginald siku ile hakuusema. Alijua vizuri kabisa kilicholishika lile sanduku. Na wewe unayengoja usiku uingie, bundi alie na mlango ujifungue, utangoja sana, kwa sababu haya yalitokea mchana kweupe, jua la utosi, kuku wakigombania kivuli na harufu ya ugali ikitoka kila nyumba isipokuwa ya seremala.

Miaka hiyo Waingereza walikuwa wameshaufunga ule mradi wao wa karanga kule Nachingwea, na masanduku yaliyokuwa yamebeba vipuri yakazagaa. Reginald alijipatia shehena yake, akaifikisha Newala kwa lori. Zilikuwa mbao za tabaka, zile zinazotengenezwa kwa kubandika maganda membamba ya mti moja juu ya jingine, nyepesi, pana, hazipindi. Watu wa pale wakaziita mbao za karanga. Kasoro yake ni moja: ukizipiga msumari ukingoni zinachanika. Kwa hiyo unazikata meno. Ubao huu meno, ubao ule meno, unayapaka gundi na kuyaumanisha, jino la huku liingie kwenye pengo la kule. Na pembe zote nne za sanduku zinatakiwa kufungwa kwa mkupuo mmoja, gundi ikiwa bado moto.

Hapo ndipo kazi ilipo. Gundi ilikuwa ya ngozi na kwato, inachemshwa kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji, inanuka, jamani, acha tu. Na upepo wa Newala ni wa baridi; ukipaka gundi asubuhi, kabla hujageuka imeganda. Basi Reginald alibandika saa sita mchana, mlango na dirisha vimefungwa, chumba kinawaka kama tanuri. Majirani zake Waislamu walimwambia mara nyingi kwamba saa hiyo si saa ya mtu kujifungia peke yake, ni saa ya wenyewe wasioonekana kupita. Yeye alicheka. Kwanza alikuwa Mkristo wa misheni, babu yake alibatizwa. Pili, hakuwa peke yake.

Upande wa pili wa ubao alikaa mkewe, Ethel, aliyekuwa naye katika ndoa miaka kumi na minane. Ethel alikuwa Myao wa Masasi. Nyumbani walisema Kiswahili, lakini mbele ya gundi ya moto alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya Chiyao. Ndiye aliyemfundisha mumewe maneno mawili ya kazi: kamula, yaani shika, na leka, yaani achia. Reginald akisema "Kamula!" Ethel alishika, na kwa kuwa ubao uliwatenganisha, alimjibu kwa kugonga na kifundo cha kidole, ko, ko. Nimeshika. Gundi ikikamata, Reginald alisema "Leka," na Ethel aliinuka anajinyoosha mgongo na kuuliza kama nyumba hii watu wanakula ugali au wanakula gundi.

Julai moja, ukungu ulipokaa wiki nzima juu ya mikorosho, homa ya mapafu ikamchukua. Watu walikuja, walilia, walikaa matanga, wakaenda zao, kama ilivyo haki yao. Isabela, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameolewa na mwalimu kule Chidya, naye akarudi kwa mumewe. Reginald akabaki. Alikuwa mtu wa watu, kila anayepita anamsalimia, lakini jioni alikuwa anakula amesimama, kwa sababu kukaa mkekani peke yake kulimtia haya. Akaacha kutengeneza masanduku. Akabaki na vigoda na mipini ya majembe, kazi za mtu mmoja.

Mpaka Mwalimu Cecil alipokuja kumbembeleza amtengenezee lile sanduku la vitabu vya nyimbo. Reginald alijaribu kwa kamba na mawe, na vibano vyake viwili vya chuma. Pembe tatu zikakubali, ya nne ikawa inafunguka, anaisukuma inafunguka, gundi inapoa, mikono haitoshi, na kwa hasira, bila kufikiri, akapiga kelele:

"Kamula!"

Ubao ukanyooka. Meno yakaingia yote kwa pamoja. Na upande wa pili kikagonga kifundo cha kidole: ko, ko.

Reginald hakukimbia. Hilo ndilo la kushangaza, au pengine si la kushangaza kwa anayejua kula amesimama. Alibaki amepiga magoti, ameshika upande wake, machozi yanamdondoka kidevuni, na alikuwa na furaha. Gundi ilipokamata hakusema leka. Angesemaje? Leka ni kumwambia mtu inuka uende. Akaachia mikono yake mwenyewe polepole, akatoka kinyumenyume bila kuchungulia ng'ambo ya ubao, akafunga mlango kwa adabu kama anayemwacha mgonjwa amelala.

Basi ikawa hivyo. Kila saa sita fundi alijifungia, na kila saa sita akasema kamula. Kabati la Esha, jirani yake, likatoka zuri ajabu, ila droo ya chini ikagoma kuvutika. Sanduku la nguo la mtu mmoja wa kijiji cha Makote likaishia kupasuliwa kwa shoka. Reginald alianza kuzungumza kazini. Alimpa Ethel habari za mji, nani kagombana na nani, mvua itachelewa, Isabela ana mimba. Upande wa pili ulisikiliza. Wakati mwingine uligonga. Majirani wakasema fundi amepona, siku hizi anacheka huko ndani.

Harufu ndiyo ya kwanza kumtia shaka. Haikuwa harufu ya Ethel, ambaye siku zote alinukia moshi na sabuni. Ilikuwa harufu ya tope la kisimani, tope bichi, baridi, na kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa saa mbili chini ya mteremko. Halafu akafa kuku. Alikuwa na kuku mweupe aliyezoea kutagia kwenye maranda ya randa pembeni mwa karakana, na siku moja akamkuta amekaa vilevile, mbawa zimelegea, yai limetokeza nusu na nusu limebaki ndani. Reginald alilivuta yai kwa vidole viwili. Halikutoka. Alimzika kuku nyuma ya nyumba na hakumwambia mtu.

Na siku iliyofuata, alipokuwa anakwangua gundi iliyochuruzika nje ya pembe ya sanduku jipya, upande ule ambao yeye hakuugusa, aliona alama za vidole. Reginald alikuwa amefanya kazi Nachingwea, alikuwa amepanga foleni na mamia ya vibarua wasiojua kuandika, amewaona wakitia gumba kwenye wino na kubandika kwenye karatasi, na alijua kwamba kila kidole cha mwanadamu kina mistari yake, mmoja duara, mwingine wimbi, hata mtoto mchanga anayo, hata kipofu anayo. Na alama hizi alizokuwa anazitazama sasa, kubwa, zimezama ndani ya gundi kwa nguvu ambayo mkono wa mkewe haukupata kuwa nayo, zilikuwa laini tupu kama mgongo wa kijiko. Hazikuwa na mstari hata mmoja.

Alikaa chini. Alielewa. Halafu akachukua patasi, akazikwangua zote mpaka ubao ukawa mweupe, na kesho yake saa sita alijifungia tena akasema kamula. Msimlaumu upesi. Alikuwa amejiambia kwamba kuwa na mtu asiye Ethel ni afadhali kuliko kutokuwa na mtu.

Mwezi wa Novemba Isabela akaja, tumbo mbele, kikapu kichwani. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, na ingawa mama hakuwepo, nyumba yake ilikuwepo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda uso."

"Wewe ndiye uliyekonda. Unakula kweli?" Akanusa hewa. "Baba, humu kwako pana kisima?"

"Kisima kitoke wapi? Gundi hiyo."

Kuwa na Isabela ndani kulimrudishia Reginald usingizi. Walikula wamekaa. Kwa furaha hiyo akaamua kumtengenezea mjukuu kitanda cha kubembea, kama alichokiona misheni, cha mbao za karanga, mbavu nne zilizoumana meno. Aliyakata meno hayo kwa wiki nzima, madogo, safi. Isabela alikuwa anakaa mlangoni asubuhi, anamtazama, anamtania kwamba mtoto atazaliwa na ndevu kabla kitanda hakijaisha. Basi kama kuna siku ambayo Reginald alikuwa na kila alichokihitaji, ni siku zile. Angeweza kumwomba Esha amshikie ubao. Angeweza kumwomba Mwalimu Cecil. Lakini alishazoea, na moyoni aliona kama ni utovu wa adabu kubadilisha msaidizi.

Alhamisi asubuhi Isabela akashikwa na uchungu. Esha akakimbia kumwita Bibi Mwanaheri, mkunga, mwanamke mrefu, mkavu, aliyewapokea nusu ya watoto wa Newala, na aliyejua pia mambo mengine ambayo watu humfuata kwayo bila kutangaza. Wanawake wakamfukuza Reginald atoke ndani. Mwanamume afanye nini siku kama hiyo? Alikwenda karakana akachemsha gundi. Saa sita akaumanisha mbavu nne za kitanda, akasema kamula, ikagonga ko, ko, na saa hiyohiyo, ng'ambo ya ukuta, Isabela aliyekuwa akilia kwa kufuatana akanyamaza ghafla.

Hakujifungua jioni. Hakujifungua usiku. Lori la kuteremka Ndanda, kwenye hospitali, lilikuwa la Jumatatu. Ijumaa jua likapanda, na Bibi Mwanaheri akatoka nje kunawa mikono, macho yamemwingia ndani.

"Baba Isabela, njoo hapa." Alizungumza chini chini, ili sauti isivuke dirisha. "Mtoto yupo mlangoni. Nakigusa kichwa chake kwa kidole. Njia ipo, nguvu ilikuwepo, lakini kuna kitu kimemshika."

"Kimemshika vipi, bibi?"

"Nakuuliza wewe. Tangu jana nanusa tope humu, na sijaona hata tone la maji. Nyumba hii mmeita nini?"

"Hatukuita kitu. Sisi ni watu wa kanisa."

"Sikuulizi unasali wapi. Umeita?"

"Sikuita," Reginald akasema, na hakumtazama.

Bibi Mwanaheri akachoma ubani. Akazunguka nyumba, akasoma alichosoma, akaamuru kitoke kwa jina la Mungu kilichoingia bila kuitwa. Akafungua mafundo yote ya nyumba, akafungua masanduku, akafungua nywele za Isabela msuko mmoja mmoja. Jua likazidi kupanda. Isabela hakuwa analia tena. Alikuwa analalamika tu, neno moja moja, baina yake kimya kirefu, na kila kimya kilikuwa kirefu kuliko kilichopita. Mkunga akatoka mara ya pili, akakaa kwenye kigoda mbele ya Reginald, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Namfukuza aliyeingia bila kuitwa, naye ananicheka," akasema. "Sikiliza, fundi. Mimi nina mwanangu, Muharami. Alikwenda kukata mkonge Tanga, mwaka wa tisa huu, hakuna barua, hakuna salamu. Kila saa sita ninampakulia. Ninakaa naitazama sahani mpaka inapoa, halafu nakula mwenyewe. Kwa hiyo usinifiche. Najua mtu anaweza kuita hata kama hakukusudia. Binti yako ana nguvu za kufika adhuhuri, basi. Ukininyima neno hili unazika wawili."

Reginald akaweka mikono usoni. "Niliita," akanong'ona. "Nimekuwa naita tangu Oktoba. Nilidhani ni mama yake. Halafu nikajua siye, na nikaendelea kuita."

"Kwa neno gani?"

"Kamula."

"Na unapomaliza?"

"Simalizi. Sijamwambia leka hata siku moja."

Bibi Mwanaheri alifumba macho. "Masikini wee," akasema, na haikujulikana anamwambia nani. "Basi mimi sina kazi hapo. Umemshikisha kila kitu ulichokitengeneza, na jana umemshikisha kitanda cha mtoto ambaye hajazaliwa. Anafanya ulichomwambia. Nenda ukamwachishe, kwa neno lako, kwa kinywa chako. Na useme kweli, maana hawa husikia moyo kabla ya mdomo."

Wakamwacha Esha na mzazi. Mkunga akasimama kizingitini mwa karakana, Reginald akaingia, na mlango aliuacha wazi, ila mwanga haukufika mbali. Kitanda kilikuwa mezani, mbavu nne zimeumana, hazina hata uzi wa nafasi. Akapiga magoti upande wake. Harufu ya tope ilikuwa nzito hadi aliisikia ulimini.

"Leka," akasema.

Ko, ko.

"Leka, nakuomba."

Ko, ko, ikajibu, kwa upole uleule wa siku zote, na Reginald akaelewa kwa aibu kubwa kwamba mdomo wake unasema nenda na moyo wake unasema baki, kwamba hata sasa, mwanawe anakata roho ng'ambo ya ukuta, bado kuna sehemu yake inayohesabu saa sita za kesho na keshokutwa na mwaka ujao, chumba kimefungwa, gundi inapoa, anasema neno na hakuna anayegonga, hakuna wa kumpa habari za mji, hakuna upande wa pili, ni yeye na ubao na ukuta mpaka siku watakayomkuta amelala juu ya maranda, na akiwa bado anahesabu akamsikia Esha ndani anasema kwa sauti ya kutetemeka, "Isabela! Isabela, nitazame mimi, usifumbe macho," na hakusikia Isabela akijibu.

"Wewe si Ethel," akasema Reginald, analia waziwazi, kamasi na machozi. "Ethel nilimwosha uso mwenyewe, nikamfukia mwenyewe. Sikukupenda wewe. Nilikutumia kwa sababu nyumba ilikuwa tupu. Sikutaki. Nenda. Leka!"

Kwanza likafunguka jino moja, likafanya mlio mdogo kama wa kifundo cha kidole kinacholia. Halafu la pili. Halafu pembe nzima, halafu pembe zote, mbavu nne zikalala mezani moja moja, gundi yake imekuwa maji. Upande wa pili wa meza hapakuwa na kitu cha kuona. Palikuwa na sauti tu, na wote wawili waliisikia, sauti isiyo ya kiume wala ya kike, ya mtu ambaye hajasema siku nyingi na ameona shida kuanza.

"Uliniita, nikaja," ikasema. "Nilishika kila ulichonipa. Sasa niende kwa nani?"

Ndani ya nyumba mtoto akalia, kilio kikali cha hasira, na Esha akapiga vigelegele na kumwita mkunga aje upesi. Mkunga hakwenda upesi. Hilo Reginald alikuja kulikumbuka baadaye, kwamba Bibi Mwanaheri, ambaye hakuwahi kuchelewa kilio cha mtoto, alibaki kizingitini ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza, mpaka Esha alipoita mara ya tatu.

Alikuwa mtoto wa kike, mzito, mzima. Isabela alikuwa amechoka lakini macho yalikuwa yake. Huko kanisani kifuniko cha sanduku kikaruka chenyewe, na droo ya Esha ikaanguka sakafuni. Mchana ule Newala nzima kazi za fundi ziliachana, na watu walimkasirikia, na yeye baadaye alimwomba radhi kila mmoja kwa moyo mweupe. Aliingia ndani akapewa mjukuu ampakate. Isabela akasema, "Baba, kaa hapa nasi," akakaa.

Alasiri Bibi Mwanaheri akafunga mkoba wake. Alikuwa amekataa kuku, amekataa unga. Alipokuwa anaaga, akaja mtu mbio kutoka Makote: Fatu, mke wa Mrisho, ameshikwa na uchungu, na ni mimba ya kwanza, wanaomba mkunga.

"Mwambie nakuja," akasema bibi. Mjumbe akatangulia.

"Ngoja nikusindikize, bibi," Reginald akasema. "Umekesha, njia ni ndefu, na uko peke yako."

"Kaa na mjukuu wako, fundi. Siendi peke yangu."

Akatoka. Reginald akasimama mlangoni, mtoto kifuani, anamtazama akishika barabara. Hapakuwa na mtu mwingine barabarani. Lakini Bibi Mwanaheri alikuwa anatembea pembeni, juani, na katikati ya njia, penye kivuli cha mikorosho, alikuwa amemwachia mwingine apite. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia mbali kidogo na mwili, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyeshikana mkono na mwenzake. Alikuwa anaongea. Upepo ulileta maneno machache, habari za Muharami, habari za mkonge, na nyuma ya maneno ukaleta harufu ya tope bichi.

Mzazi anamngoja Makote, mimba ya kwanza. Reginald alifungua mdomo amwite mkunga arudi, au apige yowe mjumbe asikie. Alikuwa na pumzi ya kutosha, na bibi hakuwa mbali. Hakuita. Si kwa woga. Ulikuwa wivu, wivu mtupu, na mpaka alipoumeza Bibi Mwanaheri alikuwa ameshapotea kwenye mikorosho, anacheka.